Mwalimu Gidudu na Watoto wa Mgomba

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko dukani, ongeza sauti. Saa hii tunamkumbuka mtu wa hapa hapa Mbale, Mwalimu Yekosofati Gidudu. Alifariki Alhamisi iliyopita nyumbani kwake Namatala, akiwa na miaka themanini na mitatu. Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio: Mwalimu Yekosofati Gidudu wa Namatala, mtunzi wa mchezo wa kanisani uitwao "Watoto wa Bethlehemu".

Wengi wenu mmeuona mchezo huo. Huchezwa uwanjani mwa kanisa siku chache kabla ya Krismasi, mchana kweupe. Kuna mahali fulani katika mchezo ambapo watu wote husimama. Hakuna anayewaambia wasimame. Watoto huwauliza wazazi wao kwa nini, na wazazi hujibu, "Simama tu." Leo nitawaeleza kwa nini tunasimama.

Mwaka 1962, mwaka wa uhuru, Yekosofati alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa mwalimu mpya mwenye suruali moja nzuri. Akatunga mchezo wa Krismasi kwa lugha ya Kigisu. Hadithi mnaijua. Mfalme Herode anasikia kwamba mtoto mfalme amezaliwa. Anatuma askari. Watoto wa Bethlehemu wanauawa, na mama zao wanalia.

Herode aliigizwa na mwanafunzi wake, Enos Mugweri, kijana mkubwa wa mwili kutoka Busoga, aliyekuja Mbale kusoma. Katikati ya mchezo Enos alisahau maneno yake yote. Badala ya kukimbia, akaanza kuwafokea watazamaji kama wakubwa wa tarafa walivyokuwa wakifoka. "Nyinyi mmekaa hapa mnanitazama! Vyoo mmechimba?" Watu walicheka mpaka wakashikana. Walimpigia makofi Herode kuliko Yesu.

Lakini siku hiyo Yekosofati alifanya kosa moja, na kosa hilo ndilo lililobeba mambo yote yaliyofuata. Hakuwa na wanasesere wa kuwa watoto wa Bethlehemu. Basi alikwenda nyuma ya kanisa, akakata vipande vya shina la mgomba, akavifunga nguo. Uzito wake ni kama wa mtoto mchanga. Aliona amepata akili nzuri.

Wasikilizaji, walio wa huku wameshaelewa. Kwa wengine, nieleze. Kwa Wagisu, watu wa mlimani, na kwa Wabukusu wa ng'ambo ya mpaka pia, mtu akifa na mwili usipatikane, ukoo hukata shina la mgomba. Hulivika nguo zake. Hulizika mahali pake. Hapo ndipo watu hulia. Hapo ndipo matanga huanza, na mjane huwa mjane. Bila mwili na bila mgomba, hakuna matanga.

Mchezo ulipokwisha, bibi mmoja alimfuata Yekosofati.

"Wewe mwalimu, umemzika nani hapa?"

"Bibi, ni mchezo tu."

"Mgomba uliovishwa nguo ni mchezo? Mama yako anajua?"

Yekosofati aliomba radhi. Akalifunga daftari lake, akaliweka chini kabisa ya sanduku. Hakuligusa kwa miaka kumi na mitatu.

Sasa twende Namatala, Oktoba 1974. Wakati huo nchi ilikuwa mikononi mwa jeshi. Dada yake Yekosofati, Namono, alikuwa ameolewa na dereva wa lori aliyeitwa Barasa, Mbukusu wa upande wa Kenya. Barasa alileta sabuni na chumvi Mbale. Alikuwa mtu wa utani. Alimwita Yekosofati "Shemeji Chaki". "Shemeji Chaki, futa pua, utatuandikia ukutani."

Siku moja saa kumi alasiri, Barasa alikuwa chini ya lori lake akikaza nati. Gari likasimama. Wanaume wenye miwani nyeusi wakamvuta kwa miguu, wakamtia kwenye buti ya gari, wakaondoka. Hawakusema kosa lake. Ovaroli yake nyingine ilikuwa kwenye kamba, bado inachuruzika maji.

Namono alikwenda kambi ya jeshi mara tatu. Mara ya tatu askari wa getini alimjibu: "Mume wako amekimbia. Amerudi kwao Kenya, kwa mke mwingine." Namono akatuma mtu ukweni, ng'ambo. Jibu likaja: Barasa hajafika.

Sikilizeni vizuri hapa. Namono alijua mumewe hayupo tena duniani. Lakini serikali ilikuwa imesema amekimbia. Kuzika mgomba ni kusema serikali inadanganya. Kijiji jirani kulikuwa na mzee aliyemzikia mwanawe mgomba, na wiki ile ile mzee mwenyewe akachukuliwa. Kwa hiyo Namono hakulia. Hakunyoa nywele. Hakuwa mke, hakuwa mjane. Miezi kumi na minne alikaa hivyo. Kwenye bomba la maji wanawake wengine walimchokoza: "Namono, Barasa hajambo huko kwa mwenzio?" Naye alijibu, "Hajambo," akajitwika mtungi wake.

Mayi Namono yupo, wasikilizaji. Mayi, kama tunavyowaita mama zetu huku. Nilimtembelea juzi. Aliniambia: "Mwanangu, kilio kisichotoka hukaa hapa." Akagusa koo lake. "Nilikuwa nameza chakula kikipita pembeni yake."

Desemba 1975, Landrova ya jeshi iliingia uwanjani mwa shule. Yekosofati alikuwa akifundisha hesabu za mafungu. Akaona buti zikija, chaki ikamvunjikia mkononi. Akadhani zamu yake imefika. Ofisa mnene akasimama mlangoni akicheka.

"Mwalimu! Wewe nasahau mimi?"

"Samahani, afande, sijaku..."

"Herode!" Ofisa alijigonga kifua. "Mimi ndiyo Herode yako!"

Alikuwa Enos Mugweri. Sasa aliitwa Kapteni Mugweri, wa Jinja. Wakubwa wake walikuwa wanakuja Mbale kwa sikukuu, na kapteni alikuwa amewaahidi mchezo. Mchezo ule ule, lakini kwa Kiswahili, ili jeshi lielewe. Na Herode atakuwa yeye mwenyewe.

"Siku ile watu napiga makofi kwa mimi," alisema garini, na sauti yake ilishuka kidogo. "Sasa watu wakiniona nanyamaza tu."

Yekosofati hakuulizwa kama anataka. Alichukuliwa na daftari lake, na shati alilovaa.

Kule Jinja alifungiwa chumba cha juu, ghorofani, katika duka la mtaa mkuu. Mwenye duka alikuwa Mhindi aliyefukuzwa nchini na wenzake mwaka 1972, na duka alikuwa amepewa kapteni. Chini rafu zilikuwa tupu. Juu kulikuwa na meza, karatasi za kufungia vitambaa, na dirisha lenye nondo. Mlango ulifungwa kwa nje. Chooni alisindikizwa. Kwenye fremu ya mlango kulikuwa na mistari ya penseli, ambapo mtu alikuwa akiwapima watoto wake urefu. Mistari ilipanda, ikapanda, kisha ikaishia. Yekosofati alijipimia hapo siku ya kwanza, kwa kukosa la kufanya.

Barazani chini alikaa fundi cherehani, Mzee Fadhul, Mwislamu wa mjini, aliyemfanyia kazi yule Mhindi miaka mingi. Yeye ndiye aliyeshona joho la Herode. Aliruhusiwa kumpandishia mfungwa chai.

"Mwalimu, huyo mfalme wako ana tumbo?" aliuliza siku ya kwanza. "Maana kitambaa nilichopewa kinatosha mfalme mwenye njaa."

"Shona kwa tumbo la kapteni, mzee wangu."

"Basi patakuwa na viraka." Fadhul alikitazama chumba. "Bosi wangu alipewa siku tisini za kuondoka hapa. Wewe umepewa ngapi za kukaa?"

"Tisa."

"Mimi sikupewa hesabu. Nashona tu."

Siku ya tatu kapteni alipanda na bia yake, akasoma huku midomo ikicheza. Akasimamisha kidole.

"Hapa. Herode anaua watoto."

"Ndivyo Biblia inavyosema, afande."

"Biblia najua. Lakini mbele ya wakubwa, mtu ya serikali kuua watoto? Hapana. Andika: wamekimbia."

"Wamekimbia wapi, afande?"

"Misri! Si Yesu alikimbia Misri? Basi na hao wote wamekimbia Misri. Na mama zao hapana lia. Kulia naharibu sikukuu."

Wamekimbia. Neno lile lile aliloambiwa dada yake getini. Yekosofati aliishika kalamu muda mrefu. Alifikiri kukataa. Alifikiria wanafunzi wake, mkewe, na binti yake Milly aliyekuwa na miaka mitatu. Kisha akaliandika. Aliliandika kwa mwandiko wake ule mzuri wa ubaoni, herufi zimesimama wima kama wanafunzi mstarini. Siku ile hakula. Fadhul alipopandisha chai alimkuta ameketi sakafuni, uso umeelekea ukutani, na chai ya asubuhi iko palepale imeota ngozi.

Siku ya nne, ya tano, ya sita, aliandika hotuba ya Herode. Kapteni alitaka kurasa mbili kuhusu jinsi Herode alivyoilinda nchi. Kila akimaliza, kapteni aliongeza. Binti yake Milly aliniambia: "Baba alisema hakuna nondo iliyombana kama hotuba ile. Nondo ziliwekwa na watu wengine. Hotuba aliiweka yeye, neno kwa neno."

Siku ya saba kapteni alikuja amechangamka.

"Mwalimu! Na wale watoto ya mgomba! Unakumbuka? Moja ilianguka kwa mguu yangu, nikapiga kelele kweli kweli! Lazima irudi."

Yekosofati aliinua uso. Kapteni alikuwa mtu aliyekuja Mbale kwa shule tu. Hakuwahi kukaa kwenye matanga ya watu wa mlimani. Kwake mgomba ulikuwa mgomba.

"Sasa akina mama wafanye nini nao, afande, kama hawalii?"

Kapteni alifikiri. "Walaze. Mtoto nalala kabla ya safari, si ndiyo?"

"Ndiyo, afande. Mtoto hulala kabla ya safari."

Kapteni alipoondoka, Yekosofati aliandika ukurasa mmoja mfupi. Milly alinisomea kutoka karatasi yenyewe, ile ya kufungia vitambaa: "Herode anasema: Watoto wenu wamekimbia. Akina mama hawajibu. Wanawalaza watoto wao mmoja mmoja kwenye kitanda cha nyasi kilichochimbwa chini. Wanawafunika."

Kesho yake kapteni aliuliza jambo moja tu. "Kwa nini kitanda chini?"

"Mbao hakuna, afande."

"Kweli," alisema kapteni. "Siku hizi mbao hakuna." Akatia sahihi.

Lakini Fadhul aliona. Alikuwa amekuja kuchukua kikombe.

"Mimi sisomi hati zenu," alisema, "ila leo kikombe umekimaliza. Umeandika nini?"

"Kitanda."

"Cha nani?"

"Cha watoto, mzee wangu."

Fadhul alimtazama. Akakifuta kikombe kwa pindo la kanzu yake, polepole. "Basi Mungu awalaze pema," akasema, akashuka.

Yekosofati alirudishwa Mbale siku ya tisa. Namono alikuja mbio, akamgusa mikono, akamgusa mgongo, kama anayehesabu viungo. Kisha akaomba asomewe. Yekosofati alipofika kwenye neno "wamekimbia", Namono alisimama.

"Umeandika neno lao? Kwa mkono wako?"

"Namono, ngoja..."

"Wamekunywesha chai ya maziwa, nawe ukawaandikia! Barasa alikuita shemeji!"

"Dada, soma linalofuata. Tafadhali. Soma."

Namono alikuwa amefika darasa la nne. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Alisoma mara ya pili. Kisha akaenda nyumbani kwake, akarudi na ovaroli ya Barasa, ile ya kwenye kamba.

"Hii itatosha kufunga mtoto?" aliuliza.

Mwalimu alituambia sisi wanafunzi wa kanisani, miaka mingi baadaye, kwamba hapo ndipo hofu ilipomshika kweli. Kule Jinja aliogopa kwa ajili yake mwenyewe. Sasa aliogopa kwa ajili ya dada yake, na alikuwa amemwandikia njia yeye mwenyewe.

Mchezo ulichezwa Jumapili, tarehe ishirini na moja Desemba 1975, saa nane mchana. Narudia: Desemba 1975, uwanjani mwa kanisa. Wakubwa wa jeshi na askari wao walikaa viti vya mbele. Watu wa mji walikaa nyuma, kwenye nyasi. Kapteni alitoka na joho lenye viraka na taji la bati. Alifoka, alizunguka, aliwauliza watu kama wamechimba vyoo. Askari walicheka. Watu wa nyuma hawakucheka.

Kisha wakaja akina mama saba, kila mmoja na mgomba wake. Mwalimu hakuwa amewaambia wafunge nguo gani. Mmoja alikuwa amefunga shati la shule. Mmoja kanzu. Mmoja koti la posta. Namono alikuwa wa mwisho, amebeba ovaroli.

"Watoto wenu wamekimbia," alisema Herode.

Hakuna aliyejibu. Wakaanza kuwalaza. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Mtu angesikia nyasi zikilala chini ya mizigo ile. Namono alipopita mbele yake, kapteni aliitazama ovaroli. Akasema kwa sauti ya chini, lakini watu wa karibu waliisikia:

"Mama. Huyu mtoto, nguo yake kubwa sana."

"Atakua nayo, afande," alisema Namono.

Akapiga magoti, akamlaza. Wakawafunika kwa nyasi. Namono akachota udongo, konzi moja, akaunyunyiza.

Kule nyuma mzee mmoja akasimama, akavua kofia. Akasimama mwingine. Wakasimama wote. Askari wa mbele waligeuka, wakaona watu wamesimama, wakadhani ni wakati wa sala, nao wakasimama. Wakubwa wao wakawafuata.

Kapteni alikuwa na kurasa mbili za hotuba. Alifungua mdomo. Akaitazama ile safu chini, saba. Akawatazama watu. Mwalimu alikuwa pembeni ameshika karatasi za kumkumbusha maneno, naye akazishusha. Ndipo kapteni akainua mkono, akavua taji la bati, akalishika kifuani, kama wanaume wengine walivyoshika kofia zao. Kisha akatembea mpaka kwenye Landrova, na joho lake likiburutika.

Jioni ile wanawake walikuja kwa Namono mmoja mmoja. Hakuna aliyesema pole. Walileta unga, wakakaa. Hata wale wa bomba la maji walikuja. Namono alinyoa nywele, akafunga kitambaa. Kuanzia siku hiyo alikuwa mjane wa Barasa.

Yekosofati alifunga nguo zake kwenye begi, akakaa mlangoni kungojea kuchukuliwa. Krismasi ilipita begi likiwa mlangoni. Tarehe ishirini na saba gari la jeshi lilikuja. Askari akashuka na kitu kilichofungwa kwa karatasi ya saruji. Lilikuwa lile taji.

"Kapteni anasema hii ni ya mchezo. Yeye hapana hitaji."

Akaondoka. Begi lilikaa mlangoni mpaka 1979.

Mwaka 1979 utawala ule ulianguka, na mchezo ukachezwa tena. Siku ya mazoezi alikuja mama mgeni kutoka Jinja. Amebeba mgomba uliofungwa koti la jeshi. Alikuwa mke wa Kapteni Mugweri. Mumewe alichukuliwa na wanajeshi wenzake mwaka 1977. Alipokwenda kambini kuuliza, aliambiwa amekimbia.

"Nilimjua ni nani," Mayi Namono aliniambia. "Sikutaka. Nilitaka arudi na mgomba wake Jinja. Tulisimama pale, jua kali. Kaka yangu aliniachia mimi. Halafu nikasogea."

Wakalaza minane.

Watu walimwomba Mwalimu aurudishe mchezo kama zamani. Sasa kulikuwa na uhuru wa kusema. Herode aue, akina mama walie. Kila Novemba alikaa na karatasi zile, akabadilisha hili na lile. Alifuta hotuba yote ya kurasa mbili. Lakini neno "wamekimbia" hakuligusa. Milly alimuuliza, "Baba, kwa nini husemi tu kwamba waliuawa?" Alijibu: "Kuuawa wanakujua. Nataka wakumbuke walichoambiwa."

Wasikilizaji wapendwa, Mwalimu Yekosofati Gidudu amezikwa Jumamosi. Kwa mkewe, kwa Milly na ndugu zake, kwa Mayi Namono, na kwa wanafunzi wake wote waliotawanyika hadi Bungoma na Jinja, tunasema poleni sana. Tumepoteza mwalimu pamoja nanyi.

Na wewe unayenisikiliza, nakuomba jambo moja. Labda nyumbani kwenu yupo mtu ambaye mliambiwa amekimbia. Labda jina lake halijatajwa mezani tangu wewe hujazaliwa. Leo, kabla ya chakula, muulize mkubwa wa nyumba jina hilo. Lisemeni. Watoto walisikie.

Nilipomuaga Mayi Namono, sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," alisema. "Kaka yangu nimemwona kwa macho yangu. Nimemwosha uso. Nimemlilia siku tatu, mchana, mlango wazi, na hakuna aliyeniambia ninyamaze."